Kiganja cha Fundi Makochi

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, fundi makochi humlaza binti yake kifudifudi na kumgonga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Binti ana sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaofanya makohozi yawe mazito kama gundi. Yasipotolewa, hukaa kifuani na kuleta maambukizi. Nyumbani wanamwita Bosi, kwa sababu hata akiwa amelala anatoa amri.

"Baba, unagonga mtu au unatandika sponji?"

Siku hiyo fundi hakucheka. Kiganja chake, kinachojua unene wa sponji bila kupima, kilikuwa kimegonga mfupa mtupu. Mtoto alikuwa anakwisha.

Akamwita mkewe. Wakatazamana, hawaelewi. Tangu waambiwe kliniki kwamba mafuta yamepanda kwenye damu ya Bosi, walikuwa wamejitahidi mno. Kaka yake fundi, mgonjwa wa moyo, aliwahi kupunguziwa mafuta, basi nao wakayapiga marufuku kabisa. Bosi akala vya kuchemsha tu. Vidonge vyake vya kusaga chakula vikafungiwa kabatini, maana waliona hakuna tena mafuta ya kusagwa. Ili apate nguvu, mama alimpa soda na chai ya sukari nyingi.

Wakampeleka kliniki siku ile ile. Nesi alimpima uzito, kisha akauliza anakula nini. Mama akasimulia yote, sauti ikififia kadiri alivyoendelea.

"Dada, nimemmaliza mwanangu?"

"Hapana, mama. Mmempa matibabu ya mtu mwingine."

Akawaeleza taratibu. Kongosho la Bosi limeziba, halitoi majimaji ya kusaga chakula. Bila vidonge, mafuta mengi anayokula hutoka chooni. Ndiyo maana lehemu yake, yaani kolesteroli, iko chini. Kilichopanda ni mafuta ya aina nyingine, yaitwayo triglisaridi. Maambukizi ya kifuani huamsha uvimbe wa ndani, mwili ukakaa kama uko vitani, na hali hiyo inaweza kuyapandisha. Sukari nyingi nayo huchochea.

"Sasa tuanzie wapi," fundi akauliza, "jikoni au kifuani?"

"Kote. Mrudishieni mafuta yake, mayai, karanga na maziwa. Ameze vidonge kila anapokula. Soda na chai ile acheni. Kifua kisafishwe, na dawa za maambukizi tutakazompa azimalize. Tutapima damu tena, na sukari pia. Na tafadhali, msibadilishe kitu kabla ya kutuuliza."

Tangu siku hiyo vidonge vilihamia mezani, kando ya chumvi. Bosi alisimamia mwenyewe: mama akisahau kuvisogeza, sahani haiguswi. Waliporudi kupimwa, kifua kilikuwa kimetulia na triglisaridi zimeshuka. Ugonjwa haukuondoka, na nesi hakuwadanganya kwamba utaondoka. Lakini uzito ulikuwa umeanza kupanda.

Asubuhi moja fundi alianza kugonga, akasita. Akauacha mkono wake pale mgongoni, umetulia.

"Baba, mbona umeacha? Umechoka?"

"Sijachoka, Bosi," akasema polepole. "Sponji imeongezeka."

Akakunja kiganja, akaendelea.