Karatasi ya Tarehe Saba

Tu Chih-heng alitumwa tangawizi. Digrii ya historia, miaka minne ya chuo kikuu Taipei, barua za maombi ya kazi mia na kitu zisizojibiwa hata kwa tusi, na jukumu aliloaminiwa jioni ile lilikuwa kilo tatu za tangawizi iliyokomaa na chupa mbili za mafuta ya ufuta. Akaenda. Angefanya nini?

"Msomi huyoo!" Shangazi Sung alipaza sauti kutoka genge lake la mboga. "Leo umekuja kufanya utafiti gani?"

"Nimekuja kununua, Shangazi. Utafiti haulipi."

"Na kununua kunalipa?" Akacheka mpaka kofia yake ya ukindu ikahama kichwani. Pembeni yake mkwewe, binti mpole mwenye mashavu mekundu, alikuwa akimenya karanga, bakuli limekaa juu ya tumbo lililoanza kuchomoza. "Huyu wangu atajifungua mwezi wa tatu. Dada yako ni kesho, sivyo?"

"Kesho. Saa ya Jogoo, Mama Kuo ndiye..."

"Weee!" Alimpiga kofi la mkononi. "Saa ya mtoto inatajwa barabarani? Na giza ndilo hili linaingia? Huko chuo walikufundisha nini?"

Heng akatabasamu lile tabasamu la waliosoma. Lakini moyoni hakucheka. Hsin-mei, dada yake, alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya pili ilimwacha amelala wiki nzima akiangalia ukuta. Hii ya tatu ilifika, na daktari akasema atampasua. Daktari alitoa wiki. Siku na saa vilitolewa na Mama Kuo, mpiga ramli wa mtaa, kwa sababu hakuna familia ya pale ingekubali mtoto azaliwe ovyo kama paka. Tarehe saba Desemba. Saa ya Jogoo, yaani kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja. Safi kwa mama, safi kwa mtoto.

Akalipia tangawizi, akashika njia ya mkato, ile inayopita kwenye kijumba cha Wasio na Jina.

Ni kijumba kidogo cha saruji, kina kitambaa chekundu mlangoni. Ndani mna mitungi ya mifupa iliyochimbuliwa barabara ilipokuwa ikitengenezwa. Mifupa ya nani, hakuna ajuaye. Ndiyo maana hufukiziwa ubani kwa jumla, kama abiria wa basi moja. Huwezi kumweka mfu kwenye madhabahu ya ukoo bila jina lake, siku yake na saa yake. Bila hivyo hana pa kukaa. Na hana pa kupita.

Taa ya njiani ilikuwa haijawaka.

Harufu ikamfika kwanza. Udongo mbichi... udongo wa shimo lililofunuliwa leo.

"Kijana."

Mzee mmoja alisimama kando ya kitambaa chekundu. Mwembamba, miguu peku, suruali imekunjwa hadi magotini. Mkononi ana kipande cha karatasi.

"Unajua kusoma?" Kihokkien chake, lugha ya wenyeji wa pale, kilikuwa cha kale, kile cha bibi wa bibi. "Nisomee. Macho yangu hayajakaa sawa."

Heng akaipokea. Ilikuwa baridi, na nzito kuliko karatasi. Karatasi ya kalenda ya kuchana, kama zile zinazoning'inia kila jiko la mji ule. Namba kubwa nyekundu.

Saba.

Karatasi ya kesho. Hata mtoto mdogo anajua kwamba kesho haichanwi leo.

"Hapo chini," mzee alinong'ona. "Penye maandishi madogo."

Hapo chini Heng alipajua vizuri mno. Alipaandika yeye.

Mwaka jana, kiwanda kimoja cha kalenda kilimpa kibarua cha miezi mitatu: chini ya kila tarehe aandike *Siku Kama ya Leo*. Daraja lilifunguliwa. Treni ya miwa ilipinduka. Mafuriko. Kisha mtu mashuhuri wa wilaya aliyezaliwa siku hiyo, na saa yake ya kuzaliwa, maana mabibi wa vijijini hununua kalenda ili wapige hesabu za nyota za watu. Heng alizijaza zote isipokuwa moja. Tarehe saba Desemba haikuwa na mtu. Alifukua kumbukumbu za wilaya siku nne, akakosa. Bosi naye akamtumia ujumbe: *Wewe na digrii yako, mtu mmoja tu umeshindwa?*

Siku hiyo Heng alikuwa akivuta sigara hapa hapa, kwenye kivuli cha kijumba hiki. Hasira ikampanda. Mtungi mmoja ulikuwa na herufi moja ya Kichina iliyobaki, jina la ukoo: Ang. Mengine akayatunga. Akacheka peke yake na kutuma kazi. Baada ya wiki mkataba ukaisha, naye akarudi kwa mama yake kula wali wa bure.

Sasa alisoma, na sauti yake ilimtoka nyembamba.

"*Mwaka 1921, alizaliwa Ang Tiam-hok, mpiga ngoma wa hekalu. Saa ya Jogoo.*"

Mzee alifumba macho. Alikuwa kama mtu aliyenyweshwa maji baada ya safari ndefu.

"Tena."

Heng akasoma tena.

"Nani aliandika?"

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Lakini mtu asiye na kazi hakosi uchu wa kusifiwa. "Mimi."

"Wewe." Mzee akainama, kiuno kikakunjika kuliko kiuno cha mtu kinavyoweza. "Ahsante, bwana. Nimekaa humo miaka, kila mlango nikibisha naulizwa: umezaliwa lini? Sina. Saa gani? Sina. Sasa ninayo siku. Ninayo saa." Akatabasamu. Kinywani mlikuwa na udongo. "Kesho nitakuja."

"Utakuja... wapi?"

"Kuzaliwa."

Taa ya njiani ikawaka.

Hapakuwa na mtu. Karatasi ilikuwa bado mkononi mwa Heng, na kutoka ndani ya kijumba, chini sana, kama mtu anayejaribu ngozi kwa kidole...

Du. Du-du. Du.

Alikimbia. Tangawizi zilimdondoka njia nzima.

Jikoni kwao mama alikuwa amesimama mbele ya kalenda, mikono kiunoni.

"Nani kachana? Leo ni tarehe sita, nataka kujua nani kanichania kesho yangu!" Baada ya sita, kalenda ilionyesha nane.

"Mama, usipige kelele," Hsin-mei alisema kutoka kwenye kiti, mikono juu ya tumbo lake kubwa. Alikuwa akicheka. "Heng, njoo. Njoo usikie. Tangu jua lizame hajatulia. Lete mkono."

Akaweka mkono.

Du. Du-du. Du.

"Anapiga ngoma," dada yake akasema kwa furaha.

Heng alitoka bila kuvaa viatu.

Mama Kuo alikuwa akila tambi mbele ya televisheni. Alisikiliza yote bila kutua vijiti. Heng alipomaliza, akatua vijiti.

"Mpumbavu," alisema taratibu. "Mpumbavu aliyesoma. Ndiye mbaya kuliko wote, maana upumbavu wake unachapishwa. Kalenda ngapi?"

"Elfu arobaini."

"Elfu arobaini. Kila jiko linasema huyu kazaliwa kesho saa ya Jogoo. Mfu asiye na siku hana mlango, mwanangu. Wewe umemchongea mlango, ukamwekea na bawaba."

"Basi tubadilishe saa! Nimwambie daktari..."

"Utamwambia nini? Kwamba uliandika uongo kwenye kalenda? Na kesho kutwa ni siku ya kifo kwa mama. Niliona. Sikuwaambia tu."

Televisheni ilicheka peke yake.

"Kuna njia," Mama Kuo akasema. "Mpe siku nyingine. Siku ya kweli, na saa ya kweli, ya mtu aliye hai, iliyotolewa kwa hiari, kwa mkono ule ule ulioandika. Ataipenda. Ya kweli ina ladha."

"Siku ya nani?"

Mama Kuo akaokota kijiti kimoja, akamnyooshea kifuani.

"Na mwenye kuitoa... anapatwa na nini?"

"Sijui. Sijawahi kumwona mtu mjinga kiasi hicho." Halafu, Heng alipofika mlangoni: "Hata mimi usiniambie ni siku gani. Siku kama hiyo si ya kusikiwa na kila mtu."

Kesho yake, saa kumi na moja jioni, Hsin-mei aliingizwa chumba cha upasuaji. Alimshika Heng mkono. "Nikitoka mikono mitupu tena," alisema, "usiniambie pole. Mwambie Mama asiniambie pole."

"Utatoka naye."

"Unajuaje, Msomi?"

Aliuachia mkono wake, akakimbia hadi nje. Alipanda pikipiki.

Kijumba kilikuwa giza tayari ingawa barabara ilikuwa bado na mwanga. Ngoma ilisikika tangu kwenye kona. Haikuwa ya kujaribiwa tena. Ilikuwa ya sherehe, ya msafara, ya mtu anayekaribia kwake.

Mzee alisimama kizingitini. Leo alionekana kijana zaidi. Mashavu yamejaa. Nyayo zake zilikuwa laini na nyekundu, ndogo... nyayo za mtoto mchanga kwenye miguu ya mtu mzima.

"Umekuja kuniaga," alisema.

"Nilikosea." Heng akaitoa ile karatasi. "Hiyo siku si yako. Niliitunga."

"Najua. Lakini imeandikwa."

"Nina nyingine. Ya kweli."

Ngoma ikanyamaza.

Mzee akanyoosha mkono.

Heng akaitandaza karatasi ya saba juu ya goti. Akayakata kwa kalamu yale maandishi ya zamani. Akaandika chini yake tarehe ishirini na tatu Machi, saa ya Farasi: adhuhuri ya mvua mama yake alipomzaa nyuma ya duka la vitambaa, hadithi aliyokuwa akisimuliwa kila mwaka juu ya bakuli la tambi ndefu, pamoja na jina la mkunga na rangi ya kitambaa alichofungiwa.

Mzee aliipokea. Akainusa. Akahesabu kwa vifundo vya vidole, midomo ikicheza.

"Aaa," alisema. "Hii ni nzuri kuliko ile."

"Basi mwache mtoto wa dada yangu."

"Mtoto gani?" mzee akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa. "Mimi nilikuwa natafuta siku tu."

Kitambaa chekundu kikatikisika. Hapakuwa na upepo.

Giza lilikuwa limeshatanda kote simu ilipolia. Mama yake, analia na kucheka. Wa kike! Mzima! Kilo tatu na nusu! Umeme wa jengo ulikatika kwa saa moja na nusu, daktari akasubiri, mtoto akatolewa saa moja na dakika nne.

Saa moja na dakika nne. Saa ya Jogoo ilikuwa imeshapita.

Heng alikaa chini kwenye vumbi. Hakujua kama alimwokoa mtoto au umeme ndio uliomwokoa. Hakujua kama alichokitoa kilikuwa na haja ya kutolewa. Mpaka leo hajui.

Mtoto alipotimiza mwezi, walifanya karamu: wali wa mafuta, mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, majirani mpaka barabarani. Hsin-mei alikuwa amenenepa, kicheko kimemrudi. Kalenda mpya ilikuwa ukutani. Mama alikuwa akiandika kwenye karatasi nyekundu siku za kuzaliwa za watu wote wa nyumba, amwekee mjukuu kwenye mto.

"Yangu. Ya baba yako, Mungu amrehemu. Ya Hsin-mei." Kalamu ikasimama. "Heng. Wewe ulizaliwa..."

Mama alihesabu kwa vidole. Akaanza upya.

"Ilikuwa... kulikuwa na mvua," alisema. "Au jua?" Akacheka kidogo. Halafu hakucheka. "Heng, mwanangu, wewe ulizaliwa lini vile?"

Heng alijaribu kumwambia. Ulimi ulifika mahali pale na kukuta shimo. Hakuna namba. Hakuna mvua. Alitoa kitambulisho mfukoni; jina lilikuwepo, picha ilikuwepo, na penye tarehe palikuwa peupe, kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Uzee, Mama," alisema. "Andika yoyote."

Hapo ndipo Shangazi Sung alipoingia, amebeba kuku wawili, mkwewe nyuma yake, tumbo limetangulia.

"Msomi, hongera ya ujomba! Sasa na sisi tumepata siku yetu." Alimvuta Heng karibu, akamnong'oneza sikioni, maana yeye alikuwa mtu anayejua adabu ya saa. "Tarehe ishirini na tatu mwezi wa tatu. Saa ya Farasi. Mama Kuo amepekua vitabu vyake vyote, anasema hajawahi kuona siku nzuri hivyo. Tupu kabisa, haina mwenyewe."

Namba zile zilimgonga Heng kama jina la mtu anayemjua na asiyemkumbuka.

"Shangazi..." alianza.

"Na mtoto mwenyewe anajua!" Shangazi Sung akacheka, akaushika mkono wake kabla hajauvuta, akauweka juu ya tumbo la yule binti mpole. "Tangu tuchague siku, hatulii. Hebu sikia."