Nilimtaja Mume Wangu Mbele ya Umati

Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, naishi Tunduma. Wanaonifahamu wanajua kwamba mume wangu alipigwa na umati hadi akapoteza jicho. Wasichojua wengi ni nani aliyeuelekeza umati ule kwake. Ni mimi... mkewe wa ndoa.

Ndugu wasomaji, mkishanisoma hadi mwisho mnihukumu mtakavyo.

Nilikuwa na kibanda cha kutuma na kutoa fedha kwa simu, jirani na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mume wangu Festo ni fundi pikipiki, mzaliwa wa Isongole, mtu wa maneno machache. Alifanyia kazi zake uani kwetu. Hakuwahi kuninyanyulia mkono hata siku moja. Nalisema hili ili mjue nilimlipa nini.

Siku moja kibandani akaja kijana aliyevaa vizuri. Akanisalimia, "Mulishani, mama," kama watu wa Nakonde, upande wa Zambia, kisha akaendelea kwa Kiswahili safi. Alijiita Kelvin. Akanionyesha kwenye simu yake mchezo wa kubeti. Akasema kampuni zenye leseni mtu akishinda zinamkata kodi ya serikali, tena zinadai kitambulisho. Wao hawakati hata shilingi, wala hawamuulizi mtu umri. Kazi yangu ingekuwa kupokea fedha za wachezaji kwenye simu, kuwawekea mchezoni, na kuchukua changu kidogo.

Niliogopa kuchanganya fedha hizo na za kibanda. Nyumbani kulikuwa na laini ya zamani iliyosajiliwa kwa jina la Festo. Nikaichukua bila kumwambia.

Alipogundua hakugomba. Aliniuliza tu, "Mama Jeni, hawa watu ofisi yao iko wapi?"

Nikamjibu iko kwenye simu.

"Mwenye leseni akikudhulumu unajua pa kwenda kumshitaki. Hawa wakitoroka, watu watamfuata nani?"

Nikacheka. Nikamwambia serikali imezidi kutukamua, acha na sisi tupumue. Maneno hayo ndiyo niliyowaambia na wateja wangu, nao walinipenda kwa hilo. Nani anapenda kukatwa? Walikuja madereva, waendesha bodaboda, hata wanafunzi wakiwa na sare zao. Ndiyo, niliwapokea na wanafunzi... Mungu anisamehe.

Kati ya wateja wangu alikuwepo Obadia, mkulima wa kahawa kutoka Mbozi. Baba wa watu, mstaarabu, ukimpa chenji anashukuru kwa mikono miwili. Msimu ule alibeti fedha karibu zote za kahawa yake, nami nikamwekea bila kumwonya. Akashinda. Fedha nyingi mno, za kujenga nyumba. Kibandani watu walimbeba juu juu.

Kelvin akasema tusubiri siku tatu. Siku ya nne mchezo haukufunguka tena. Simu yake ikawa haipatikani. Nilivuka hadi Nakonde, nikauliza duka kwa duka, hakuna aliyemjua.

Obadia alikuja kila asubuhi, akiniuliza kwa upole. Kisha upole ukaisha. Akaacha kunisalimia, akawa anasimama tu mbele ya kibanda ananitazama. Wengine waliopoteza fedha zao wakaanza kusimama naye.

Jumapili moja tulikuwa tumetoka ibadani, watoto wanakula. Lango likavunjwa kwa teke. Waliingia kama thelathini, na nondo, na mawe, na mapanga. Kijana mmoja akanikamata nywele, akanipigisha magoti pale uani, akaniwekea panga shingoni. Nilisikia ubaridi wake, kisha joto la damu yangu mwenyewe ikishuka kifuani.

"Hela ya mzee iko wapi?"

Ningeweza kuwaambia ukweli. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilisema, "Mwenye laini ni mume wangu. Fedha zote anapokea yeye. Jina lake si mnaliona kila mkituma?"

Festo alikuwa amesimama mlangoni, sahani mkononi. Alinitazama. Hakunikana, hakujitetea. Akaiweka sahani chini, akavuta mlango ili watoto wasione, akawaambia, "Tutoke nje ya lango, tuongee."

Hawakuongea. Nondo ya kwanza ilimpata begani, ya pili kichwani. Akaanguka katikati ya pikipiki za wateja wake. Walichukua spana zake mwenyewe wakampigia. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika... sauti ile naisikia hadi leo nikivunja kuni. Obadia, yule mstaarabu, ndiye aliyeshika jiwe na kumponda usoni, huku analia, "Nirudishie kahawa yangu." Nami nilikuwa nimepiga magoti palepale, mdomo nimeufumba.

Polisi walipofika na kupiga risasi hewani, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Mkono wa kulia uliunganishwa hospitalini Vwawa, lakini hadi leo hauwezi kukaza nati.

Obadia na vijana wawili wakafungwa. Mahakamani nilisema yote, hata uongo wangu. Nilipigwa faini ya kuchezesha bila leseni, kibanda kikauzwa. Kuhusu Kelvin, tuliambiwa kampuni ya jina lililokuwa kwenye mchezo wake haijasajiliwa popote, hakuna hata karatasi ya kuanzia. Mke wa Obadia alinifuata, mtoto mgongoni, akaniuliza, "Mume wangu yuko jela, wako hana jicho. Huyo mwenye mchezo yuko wapi?"

Festo amerudi kwao Isongole na watoto. Nilimfuata kumwomba radhi. Akasema, "Ningewekewa mimi panga, sijui ningesema nini. Lakini wewe ulisema." Akanikaribisha chakula. Asubuhi akanisindikiza hadi kituoni.

Nasikia watu wakibishana kama serikali isimamie michezo ya kubeti kwa simu na kuitoza kodi. Mimi sijasoma sana. Siamini kodi inamponya mtu ugonjwa huu. Obadia angeweza kufilisika hata kwa wenye leseni. Lakini angekuwa na wa kumdai zaidi ya fundi asiye na hatia. Wasimamiwe, walipe, na wasio na leseni wasakwe pamoja na mawakala wao... ndiyo, wanawake kama mimi.

Nawe dada uliyeletewa kazi kama ile, ukiambiwa hakuna kodi wala maswali, ikatae siku hiyohiyo. Na kama umeshaianza, mwambie mwenzako leo, kabla wengine hawajaja kumuuliza.