Jumatano Saa Kumi, Mlango wa Nyuma

“Fundi gani wa saa anakusubiri mlango wa nyuma?”

Mchumba wangu alikuwa anasuuza vikombe jikoni kwake. Aligeuka, akaiona simu yake mkononi mwangu, kikombe kikamponyoka na kupasukia kwenye sinki.

“Umesema nini?”

“Sijasema mimi, imesema simu yako. Nikusomee? ‘Jumatano saa kumi. Pita mlango wa nyuma, nakusubiri.’ Na jina umeandika Fundi Saa. Wewe saa yenyewe huna!”

“Ni mambo ya kazi tu, mpenzi.”

“Kazi ipi? Unafundisha hesabu. Tangu lini hesabu zikawa na mlango wa nyuma?”

Alijaribu kucheka, kicheko kikafia njiani. Akaanza kuokota vipande vya kikombe kimoja kimoja, hanitazami.

“Nilitaka kukuomba kitu,” akasema. “Naomba tuisogeze mbele harusi.”

Jamani! Ilikuwa Jumamosi asubuhi, harusi imebaki wiki mbili kamili, ukumbi umeshalipiwa, gauni liko kabatini. Nikavuta kiti, nikakaa.

“Kuna mtu mwingine?”

“Hapana.”

“Basi kuna nini?”

“Nimechoka tu.”

Nimechoka tu. Muhula mzima nilikuwa napewa jibu hilohilo. Amekonda, halali, chakula anakichokoa kisha anakisukuma pembeni, nikimuuliza, amechoka tu. Na mimi nikaridhika nalo, mimi ambaye kazi yangu ni kutoridhika na jibu kama hilo.

Maana mimi ni mshauri nasaha wa chuo. Nakaa chumba namba moja, wanafunzi wakilemewa wanakuja kwangu. Wamenibatiza Mama Pole, kwa sababu neno hilo haliishi mdomoni mwangu. Chumba namba mbili yupo mwenzangu ambaye namwita Jirani. Yeye anawahudumia wafanyakazi. Mwaka jana wafanyakazi walikuwa hawaji kabisa, nani anataka kukaa benchi moja la kusubiri na mwanafunzi aliyemfelisha jana? Nikapendekeza mwenyewe kwenye kikao kwamba Jirani awaone mahali pa faragha, na hata mimi nisijue ni wapi wala ni nani, kwa sababu nusu yao ni marafiki zangu. Kanuni zote za siri niliziandika mimi kwa mkono wangu.

Mnaniuliza, na wewe mshauri mzima hukuwaza hapo hapo? Wivu hauna digrii, ndugu zangu. Halafu huyo mwanaume alikuwa anatucheka kila siku. “Mambo ya kulialia hayo nawaachia wanafunzi wako,” ndiyo maneno yake.

Jumatano, saa kumi kasoro robo, nilikuwa namfuata kwa mbali kama askari kanzu. Alipita maktaba, akazunguka nyuma, kwenye kile chumba cha zamani cha kuchapia mitihani. Akagonga mara moja, mlango ukafunguliwa, akaingia. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Nilikaa saa nzima, macho mlangoni.

Mlango ulipofunguka alitoka macho mekundu. Nyuma yake akatoka mwanamke. Akampa kitambaa ajifute uso, akamshika bega.

Alikuwa Jirani. Jirani ambaye siku kumi zijazo alikuwa awe mpambe wangu!

“Ala! Kumbe fundi ndiye wewe!”

“Shoga yangu, tulia,” Jirani akasema.

“Usiniite shoga! Nguo ya mpambe nimekupima mwenyewe kwa mikono hii, kumbe wewe unanipima mimi! Sema, mmeanza lini?”

“Sivyo unavyofikiri.”

“Ni vipi basi? Mlikuwa mnafanya nini humo ndani?”

“Siwezi kukwambia.”

“Kwa nini huwezi?”

“Na hilo pia siwezi kukwambia.” Machozi yalimlengalenga, lakini hakupepesa. “Niite jina lolote unalotaka. Mimi sina la kusema.”

Nikamgeukia mwanaume. “Na wewe je? Umekatwa ulimi?”

Akanitazama mimi, akatazama wanafunzi wawili waliokuwa wanapita na vitabu vyao.

“Nitakwambia. Naomba tu isiwe hapa, isiwe leo.”

“Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea!”

Nikaivua pete, nikamtupia kifuani, ikaanguka kwenye majani. Nilipogeuka nyuma mara moja, alikuwa amepiga magoti anaitafuta.

Jioni ile nikampigia mama yangu.

“Mama, harusi hakuna.”

“Hakuna kwa nani? Kadi mia mbili nimezigawa kwa miguu yangu hii inayouma!”

“Ana mwanamke mwingine. Nimemwona kwa macho yangu.”

“Amesemaje?”

“Hasemi kitu. Anasema si leo.”

“Wewe mtoto, kazi yako si kuwasikiliza watu? Basi nenda kamsikilize na huyo, halafu ndiyo uje kuniambia nizikusanye kadi zangu.” Akakata simu.

Sikwenda. Kiburi kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kazini mimi na Jirani tulipishana koridoni bila salamu. Mchumba wangu alipiga, sikupokea. Aliandika, “Nisamehe.” Nikafuta.

Jumanne akaandika ujumbe mrefu kidogo:

“Pete iko kwenye bahasha kwa mlinzi wa getini. Wewe ni mtu mwema sana. Lolote litakalotokea, usijilaumu.”

Nataka mnisikilize vizuri hapa. Ujumbe huo angenionyesha mwanafunzi yeyote, ningeinuka kitini na kuacha mlango wazi. Ulitoka kwa mwanaume niliyekuwa nimekasirishwa naye, nikajibu: “Jilaumu mwenyewe.”

Jumatano saa nane nilikuwa na msichana wangu wa miwani. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, mpole, ana akili kama wembe. Muhula uliopita alitaka kuyakatisha maisha yake. Dada yake akamwahi, akalazwa, sasa alikuwa anakuja kwangu kila wiki akisubiri kuanza upya masomo.

“Nimepata usingizi usiku sita mfululizo,” akaniambia akitabasamu. “Na nimerudi kufanya hesabu, za kujifurahisha tu.”

“Hongera! Kuna kitu bado kinakusumbua?”

Alifuta miwani yake. “Kimoja. Kabla ya siku ile nilimwandikia mwalimu mmoja. Niliandika kwenye mtihani wake. Nadhani hakusoma.”

Nikaropoka, Mungu anisamehe, “Mwalimu gani huyo asiye na moyo?”

“Ana moyo,” akasema. “Ni mkali tu. Ndiyo maana nilimchagua yeye.”

Jina hakulitaja, nami sikumlazimisha.

Saa kumi na dakika ishirini simu yangu ikaita. Jirani. Nikaiacha ikate. Ikaita tena.

“Unataka nini?”

“Kifungu cha saba,” akasema.

Kifungu cha saba nilikiandika mimi: siri ya mtu haitatolewa kwa yeyote, awe mzazi, mume au rafiki, isipokuwa uhai wake ukiwa hatarini.

“Nani?” niliuliza, na jibu nilikuwa nalo.

“Unamjua. Hajawahi kukosa Jumatano hata moja. Leo hakuja, simu haipokei, ofisini hayupo. Na jana alinitumia ujumbe wa kuniaga, ndiyo nimeusoma sasa hivi. Akitaka kuwa peke yake huwa anakwenda wapi?”

“Ulikuwa unamtibu,” nikasema. “Muda wote huo. Nikakutukana, ukanyamaza.”

“Utanililia baadaye. Anakwenda wapi?”

“Gari lake. Maegesho ya nyuma ya maabara.”

Nilikimbia na viatu mkononi. Wanafunzi walinipisha wakishangaa, “Mama Pole kuna nini?” Sikuwa na pumzi ya kuwajibu. Nilikuwa nasema kimoyomoyo neno moja tu, awepo, awepo, awepo.

Alikuwepo. Amekaa nyuma ya usukani, mikono yote miwili imeukamata, gari halijawashwa. Kiti cha nyuma kimejaa marundo ya vijitabu vya majibu ya mtihani, vimefungwa kamba. Niligonga kioo.

“Fungua.”

Alichelewa, lakini akafungua. Nikakaa pembeni yake. Neno pole lilinijia mdomoni, nikalimeza.

“Nitakuuliza wazi, nawe unijibu wazi. Unafikiria kujiua?”

“Ndiyo. Nimekaa hapa tangu asubuhi. Naogopa kuwasha gari, sijui nitalielekeza wapi.”

“Asante kwa kuniambia. Nipe ufunguo.”

Akanipa. Ulikuwa umelowa jasho. Nikampigia Jirani: “Nimempata, mzima. Njoo maegeshoni.” Kisha nikaukamata mkono wake.

“Sasa niambie. Sina haraka ya kwenda popote.”

“Unajua ninavyosahihisha,” akaanza. “Nasahihisha swali la kwanza la wote, halafu la pili la wote, hivyo hivyo mpaka la tano, ili nisimpendelee mtu. Miaka tisa nafanya hivyo na najisifia. Muhula uliopita nilifika swali la tano siku ya kumi na moja. Nikafungua kijitabu kimoja, ukurasa wa mwisho. Aliandika, ‘Mwalimu, swali la tano silijui, na hata kuishi sijui tena. Ukisoma hapa, naomba uniite.’ Siku ya kumi na moja! Nikakimbia kumtafuta. Nikaambiwa alipelekwa hospitali wiki moja iliyopita. Nikaenda hospitali, mimi siyo ndugu yake, hawanipi habari. Nikaenda kwa msajili, jina limeondolewa kwenye orodha, mengine ni siri. Sijui kama yuko hai. Vilivyobaki alinimalizia mwenzangu, na tangu siku hiyo sijafungua kijitabu kingine. Mkuu wa idara anataka matokeo ya muhula huu, mimi nikishika kamba tu naiachia. Naona kila kimoja kina mtu ndani ananiita.”

Muhula uliopita. Swali la tano. Ndiyo maana nilimchagua yeye.

“Kwa nini hukuniambia mimi?”

“Ningekwambia nini? Kutwa nzima unabeba mizigo ya watu. Nilitaka ukirudi nyumbani ukute mtu aliyesimama.”

“Mjinga wewe,” nikamwambia nikilia. “Mimi nilimtaka wewe. Hata ukiwa umelala chini.”

Na bado sikuweza kumwambia! Jibu la mateso yake nilikuwa nalo mfukoni, saa mbili tu zilizopita lilikuwa limekaa mbele yangu linafuta miwani, na sikuwa na haki ya kulitamka. Sasa nikaelewa Jirani alivyosimama mbele ya matusi yangu.

Jirani alifika anahema, nikampisha, akakaa kwenye kiti changu, akamshika bega vilevile kama siku ile. Mimi nikaenda pembeni, nikampigia simu msichana wangu wa miwani.

“Mwanangu, nina ombi, na una haki ya kukataa. Yule mwalimu alisoma.”

“Alisoma?”

“Alichelewa. Akakutafuta kila mahali, hakuna aliyemwambia kitu. Hajui kama uko hai. Naomba ruhusa nimwambie neno moja tu, kwamba upo.”

Nilisikia anavuta pumzi.

“Usimwambie wewe,” akasema. “Mpe simu.”

Nikarudi, nikamwekea simu sikioni.

“Shikamoo, mwalimu,” sauti ikasema. “Ni mimi wa swali la tano.”

Alifunga macho.

“Mwalimu? Uko hapo?”

“Nipo,” akasema hatimaye. “Marahaba. Nipo.”

“Na mimi nipo. Muhula ujao narudi. Lile swali nilijaribu mstari mmoja, kama kuna alama ya huruma...”

Alicheka na kulia kwa pamoja. “Sina alama za huruma. Ukirudi utalifanya tena, na mimi nitakaa pembeni mpaka ulimalize.”

Jioni ile tulimpeleka hospitali, mimi na Jirani, mmoja kila upande. Mkuu wa idara alipoambiwa anahitaji likizo ya ugonjwa alikunja uso, lakini barua ya daktari haibishiwi. Na vile vijitabu viligawiwa kwa wahadhiri wengine watatu. Kabla havijaondoka, mchumba wangu aliporuhusiwa kutoka hospitali, tulikaa sakafuni, mimi, yeye na Jirani, tukafungua ukurasa wa mwisho wa kila kimoja. Mia mbili na kumi na viwili. Vingi vilikuwa vitupu. Kimoja kiliandikwa, “Mwalimu, hili swali umelitoa kuzimu?” Kimoja kilikuwa na maneno ambayo sitayasema hapa, na mwenyewe aliitwa siku hiyohiyo.

Jirani nilimwomba radhi kwa magoti. Akaniinua.

“Nguo ya mpambe iko wapi? Maana nimenenepa kwa mawazo yako.”

Mama yangu nilimwambia harusi inasogea miezi miwili. Alipiga kelele, kisha akauliza, “Umemsikiliza?” Nikasema ndiyo. “Basi kadi nitapita kuzirekebisha kwa kalamu.”

Jumatano iliyofuata, saa kumi, nilifungua mlango wa chumba changu kumwita mwanafunzi ambaye zamu yake imefika. Kwenye benchi la mbele, katikati ya wanafunzi, alikuwa amekaa mchumba wangu, akisubiri Jirani amwite chumba namba mbili. Wanafunzi walikuwa wanamtazama kwa pembe ya jicho. Yule mkali!

“Mlango wa nyuma umefungwa?” nikamuuliza.

“Uko wazi,” akasema. “Nimechoka kuutumia.”

Kijana mmoja akasogea, akampisha nafasi. “Mwalimu, kaa vizuri. Foleni ni ndefu.”

Akakaa vizuri. Bahasha ya mlinzi ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Nikaitoa, nikaichana, nikaivaa pete mbele yao wote, kisha nikamwita anayefuata.