Masale Jaani

Jumamosi moja ya mwaka 1952, masika yalikuwa yameligeuza soko la Moshi kuwa uji. Maganda ya ndizi yaliyooza yalielea katika madimbwi, na nzi walitoka juu ya utumbo wa mbuzi wakaja kutua kwenye midomo ya watu. Kornelia, binti wa mzee Basili wa Kibosho, alipita humo ameinua upindo wa gauni lake la bluu, leso puani. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, na kinyaa kilikuwa maradhi yake. Baba yake alikuwa amejenga nyumba ya bati, naye ametumwa kuchagua miche ya maua ya kupanda mbele ya baraza.

"Dada, usiukanyage huo!"

Alishtuka, akarudi nyuma. Kisigino chake kikazama katika kitu laini, chenye uvuguvugu.

"Pole," alisema kijana aliyechuchumaa kando ya safu ya makopo yenye miche. "Nimeuokoa mwaridi, nikakutosa wewe kwenye mavi ya ng'ombe."

"Na unacheka?"

"Nacheka kwa huzuni, Mwalimu."

"Nani amekuambia mimi ni mwalimu?"

"Chaki iliyo mkononi mwa gauni lako."

Aliitwa Wenseslaus, mtu wa Uru, mtunza bustani wa ofisa mmoja wa Kiingereza. Suruali yake ya kaki ilikuwa imenyooshwa kwa pasi hadi ikakata kama kisu, lakini kucha zake zilijaa udongo. Kornelia aliziona, akakunja uso. Hata hivyo hakuondoka.

"Nataka hiki," alisema, akionyesha kichaka chenye vishada vya maua ya njano na ya rangi ya waridi.

"Kwanza sugua jani lake, unuse."

Akasugua, akanusa, akalitupa. "Mkojo wa paka!"

"Ndiyo maana nakiweka nyuma, nisikiuze. Kinapendeza mwaka mmoja, kisha kinaingia mgombani na hakitoki tena. Na ule wenye maua meupe, utomvu wake ni sumu. Mbuzi wa mzee akiuonja, kesho mnamzika. Chukua haibiskasi nyekundu, hiyo huvumilia kukatwa. Yasmini uipande chini ya dirisha. Bogonvilia iwe mbali na mlango, isije miiba ikawachoma watoto."

"Watoto gani?"

"Watakaokuja."

"Una ulimi wewe!" alisema Kornelia. Alijaribu kukasirika, akashindwa.

Tangu siku hiyo bustani ya mzee Basili ikawa na mahitaji yasiyokwisha. Kila Jumamosi ulitakiwa mche mwingine, na mwezi Juni, Wenseslaus aliposindikiza debe la waridi hadi njia panda ya Kibosho, alisema alilotaka kulisema.

"Kornelia wangu, nitume washenga?"

"Kwenu kuna maua gani?" alimtania.

"Kwetu? Migomba, kahawa na masale ya mipakani."

"Basi pole, mpenzi. Mimi nitaolewa penye maua, si penye majani matupu!"

Kornelia alicheka njia nzima. Wenseslaus hakucheka.

Mwezi Agosti, Kornelia na shangazi yake Flavia walikwenda Uru kumsalimu Mektrida, mama yake Wenseslaus. Mbele ya nyumba haibiskasi zilisimama katika mstari ulionyooka kama askari wa gwaride, na Wenseslaus alisimama kando yake, shati jeupe, uso uking'aa.

"Umeona, mpenzi? Kama kwa bwana mkubwa."

"Shikamoo, mama," alisema Kornelia.

"Marahaba, mwanangu." Mektrida hakuinua macho.

Harufu ndiyo iliyomwongoza Kornelia nyuma ya zizi. Pale jaani, juu ya samadi na machicha ya mbege, pombe ya ndizi, yalilundikwa masale ya kihamba kizima, shamba lote la ukoo, mizizi juu. Majani yake marefu, ambayo Mchagga huyapanda mipakani na makaburini mwa wazee wake, yalikuwa yameoza yakawa ute mweusi, na funza wakitembea juu yake. Majani hayo mkosaji huyafunga fundo akayapeleka kwa aliyemkosea, wala aliyepelekewa hakatai kusamehe. Sasa kuku walikuwa wakiyaparura.

"Isale la kaburi la bibi yake pia kaling'oa," alisema Mektrida nyuma yake kwa sauti ndogo. "Mtu akiniuliza mama mkwe wangu amelala wapi, nimwonyeshe nini? Ua?"

Kornelia aligeuka, akaita.

"Wenseslaus! Umeng'oa kaburi la bibi yako?"

"Ulisema majani matupu. Nimefanya kwa ajili yako."

"Usinibebeshe uozo wako! Kwa mabwana zako hayo ni magugu, nawe ukaamini?"

"Mpenzi, nisikilize..." Alinyoosha mkono.

"Usiniguse. Mkono huo unanuka."

Wiki iliyofuata Wenseslaus alileta Kibosho shada la waridi. Kornelia aliliangalia kama mtu aletewaye panya aliyekufa, akamtupia mbuzi.

"Angeleta isale, je?" aliuliza shangazi Flavia.

"Atalitoa wapi? Ameyatupa."

"Akaombe kwa jirani."

"Isale la kuomba ni uongo, shangazi. Linapaswa kutoka kwao."

Flavia aliendelea kumenya ndizi. "Sawa. Na yule aliyesema 'majani matupu', yeye atapeleka la wapi?"

Kornelia alilisikia upya neno lake mwenyewe, na kile kicheko chake cha njia nzima. Kinyaa alichowaonea wengine maisha yake yote kilirudi nyumbani kwake, nacho kilikuwa kichungu kuliko vyote.

Oktoba, siku ya mapumziko ya shule, alikwenda Uru peke yake kumwomba radhi mama Mektrida. Hakufika mlangoni. Kule jaani Wenseslaus alikuwa amepiga magoti, samadi hadi mabegani, akichambua ute kijiti kwa kijiti.

"Usikaribie," alisema. "Nanuka."

"Naona. Unatafuta nini?"

"Lililo hai. Hii ni siku ya tatu. Yote yameoza."

Kornelia alivua viatu. Akalifunga gauni kiunoni, akapiga magoti. Mkono wake ulipozama, kitu kikamteleza kati ya vidole, naye akatapika kando.

"Acha, mpenzi. Si kazi yako."

"Mzaha ulikuwa wa nani?" Akafuta kinywa kwa bega, akautia mkono tena.

Jua lilikuwa limefika utosini alipopapasa kijiti kigumu. Akakivuta. Upande mmoja ulikuwa mweusi, unanyonyoka. Upande wa pili ulikuwa umechipuza majani matatu, ya kijani, safi kabisa.

Wenseslaus alichuma jani moja, akamshikisha Kornelia ncha yake, wakalifunga fundo kwa pamoja na kulipeleka mlangoni.

Mektrida alilitazama jani, akawatazama wao.

"Mnanuka," alisema. Kisha akalipokea kwa mikono miwili. "Aliyeletewa isale hakatai."

Akawatangulia hadi kwenye haibiskasi ya nne. Akaing'oa mwenyewe, bila hasira, na kuiweka kando.

"Hii itahamia dirishani, haina kosa. Bibi yuko hapa."

Kornelia alichimba kwa vidole, akakipanda kijiti, akaushindilia udongo. Wenseslaus alichuchumaa kando yake.

"Mwalimu," alinong'ona, "utaolewa penye majani matupu?"

"Kaoge kwanza."

"Nikioga, utanijibu?"

Kornelia alimnyooshea mikono yake, yenye samadi hadi viwikoni.

"Nimekwisha kukujibu. Tazama."