Jino la Nyuma ya Meno

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, alimpeleka bintiye kwa daktari wa meno, maana jino la mbele lilichelewa kuota. Mumewe alikuwa amemzuia mwaka mzima. "Mke wangu, muache mtoto, litaota tu." Siku hiyo akawafuata kimyakimya.

Daktari alizima taa ili picha ya eksirei ionekane vizuri. "Kuna jino la ziada, limejificha ndani ya mfupa," alisema, akiligonga pichani kwa kalamu, tik, tik. Kisha kalamu ikanyamaza. "Mama, jino hili limetobolewa na kuzibwa. Nani aliliziba?"

"Daktari, si umesema halijaota?"

"Ndiyo maana nauliza."

Gizani, nyuma ya rafiki yangu, mumewe alishusha pumzi. "Walioliziba waliniapia halitaonekana kwenye picha."