Diski ya Ghalani

Saa tatu asubuhi

Chumba cha nyuma cha duka la betri kilinuka tindikali. Hakikuwa na dirisha. Mjomba alisukuma betri mbovu pembeni, akafuta meza kwa kiwiko, kisha akaweka diski ya kompyuta: kipande cha chuma bapa, kinachoenea kiganjani.

"Inafanana?" aliuliza.

Sindano aliigeuza, akasoma lebo. "Pacha wake."

"Nzima?"

"Imekufa zamani. Haizunguki. Kwa kazi yetu inatosha."

Walikuwa watatu. Mjomba alikuwa mjomba kweli, kaka wa mama yake Sindano, ingawa wahuni wote wa mji walimwita hivyo hivyo. Kobe alikuwa dereva. Jina walimpa kwa dhihaka, maana askari hawajawahi kuona zaidi ya taa zake za nyuma. Sindano, msichana pekee kati yao, alipewa lake kwa sababu ya vidole vyake. Aliwahi kutengeneza kompyuta dukani kwa watu, kazi ya halali, kabla Mjomba hajamshika mkono.

Kiti cha nne kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha kaka yake Sindano.

Kaka alifia kwenye ghala la simu, walikokwenda kuiba, usiku ambao Sindano alibaki nyumbani na homa. Mlinzi kampiga risasi, Mjomba alimwambia mama yao, na akalia mpaka wanawake wakamshika. Usiku ule, kabla ya kukimbia, Mjomba alikibamiza sakafuni kisanduku cha kamera. Waliamini picha zimekufa.

Hazikufa. Diski ilikuwa ndani ya kisanduku, na sasa ilikuwa kwa fundi mmoja mjini, bingwa wa kurudisha vitu vilivyopotea kwenye kompyuta.

"Nieleze tena," Mjomba alisema. "Inawezekanaje?"

"Ndani kuna sahani inayong'aa. Juu yake kuna kichwa kidogo cha kusomea, kinaelea bila kugusa. Ulipoibamiza, kichwa kiligonga sahani, kikaichuna. Fundi anaweka kichwa kipya, anasoma pale ambapo hapajachunika. Polepole."

"Akimaliza, sura zetu ziko mezani kwa polisi." Mjomba aliwatazama mmoja mmoja. "Saa saba msichana wa mapokezi anakwenda kula. Fundi anabaki peke yake. Sindano anaingia kama mteja, na hiyo pacha. Kobe anagonga gari la fundi lililoko nje. Fundi anatoka kugomba. Sindano anachomoa ya kwetu, anaweka pacha, anafuta kila kilichonakiliwa. Fundi akirudi atadhani diski imekata roho. Hakuna kelele. Hakuna damu."

"Na wewe?" Kobe aliuliza.

"Nitakuwa uchochoroni." Aligusa kiuno, pale bastola ilipolala. "Mambo yakiharibika."

Kobe hakucheka. Tangu msiba Kobe alikuwa hacheki. Alichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, akakitazama kile kiti kitupu.

Saa saba mchana

Karakana ya fundi ilikuwa safi kama zahanati. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani mbili: moja machoni, nyingine kichwani.

"Kuna picha za harusi ya dada yangu humu," Sindano alimdanganya, akimpa ile pacha. "Nisaidie, kaka. Mama haniongeleshi."

"Akina mama na picha za harusi!" Fundi alitikisa kichwa. "Njoo ndani tuisikilize. Diski ni kama mgonjwa, inataka kusikilizwa kwanza."

Chumba cha ndani kilikuwa na meza ndefu. Juu yake, diski ya ghalani ililala kwenye mashine ya kunakili, kikaratasi cha karakana kimebandikwa mgongoni. Ilizunguka ikitoa mkwaruzo mdogo, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kwenye skrini vijiraba vya kijani, alama ya palipokwisha somwa, vilikuwa vinachukua nafasi ya vyeusi, kimoja kimoja.

"Hiyo ina nini?" Sindano aliuliza.

"Hiyo ni ya kesi. Kuna mlinzi yuko mahabusu, anashtakiwa kuua mtu ghalani. Bunduki iliyoua ni yake. Yeye anaapa aliitupa akakimbia. Mkewe anakuja hapa kila siku, ana mimba kubwa, anakaa pale kwenye benchi. Haongei. Anaitazama tu." Fundi alivuta pumzi. "Leo jioni naweza kumpa jibu."

Nje, chuma kiligonga chuma. Kioo kilipasuka.

"Gari langu!" Fundi alitoka mbio, miwani ya kichwani ikadondoka.

Sindano alivaa glavu. Kidole kilifika kwenye waya wa diski. Vuta. Funga pacha. Futa. Ondoka. Kazi ya dakika chache, na vidole vyake havijawahi kukosea.

Havikuvuta.

Bunduki iliyoua ni yake. Aliitupa akakimbia.

Mjomba alisema mlinzi alikuwa amesimama juu ya ngazi, analenga. Alisema hivyo mbele ya jeneza.

Aliburuta kiti, akafungua kipande cha mwisho kilichookolewa.

Ghala. Picha ya kijivu, bila sauti. Maboksi yameporomoka. Mlinzi alionekana kwenye kona, akatupa bunduki kama mtu aliyeshika kaa la moto, akatoka mbio. Mlango ulibaki wazi nyuma yake. Kisha kaka akatambaa kutoka chini ya maboksi, akashika nguzo, akasimama. Mguu mmoja ulikuwa umepinda vibaya. Lakini alikuwa amesimama. Alikuwa anacheka kile kicheko chake cha maumivu, meno yote nje, akinyoosha mkono kwa mtu.

Mjomba aliingia kwenye picha. Hakuushika ule mkono. Aliinama, akaokota bunduki ya mlinzi.

Hapo picha ilipasuka vipande vipande. Sahani ilikuwa imechunika. Baada ya hapo, weusi.

Sindano alisikia mlio wa ajabu chumbani, akagundua ni pumzi yake mwenyewe. Nje, Kobe alikuwa anaomba radhi kwa sauti ya kilevi, fundi anafoka. Muda ulikuwa unakwisha.

Alikibandua kile kikaratasi kwenye diski ya ghalani, akakibandika kwenye pacha. Akatia pacha mkobani. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya meza nyeupe, herufi kubwa: USIZIME MASHINE. FUNGA MLANGO. ITA POLISI SASA HIVI.

Alitoka akitembea. Magoti yalikuwa yanataka kukimbia.

Saa saba na nusu

Kobe alikuwa amemponyoka fundi, akawapakia uchochoroni; sasa gari lilikuwa katikati ya mji. Mjomba aliketi na Sindano kiti cha nyuma. Aliichukua diski, akakisoma kile kikaratasi, akatabasamu.

"Ulifuta?"

"Nimefuta."

"Mtoto wa dada yangu huyo." Alitoa nyundo na tindo, akaipasua diski juu ya kipande cha mbao. Kifuniko kilibonyea, kikaachia. Ndani sahani ilichomoza.

Mjomba aliinua ile sahani kwenye mwanga. Iling'aa kama kioo cha kinyozi. Uso wake ulionekana mzima mzima ndani yake. Hakukuwa na mchubuko hata mmoja.

"Ulisema imechunika," alisema taratibu.

Sindano aliitazama ile sahani.

"Ulisema kwa mdomo wako. Kichwa kiligonga sahani."

"Alikuwa amesimama, Mjomba."

Kobe alitazama kwenye kioo. Mkono wake wa gia ulikaza.

"Nani?" Mjomba aliuliza, ingawa alijua.

"Kaka. Mlinzi alishakimbia. Alikunyooshea mkono."

Mjomba alifuta jasho la shingo. Alipoongea, alikuwa kama anamweleza mtu aliyechelewa kikaoni.

"Mguu ulivunjika. Asingeweza kukimbia. Wangemkamata, angetutaja sote. Wewe pia. Mama yako angebaki na nani? Nilichagua, Sindano. Unadhani ninalala?"

"Uliniambia mlinzi," Kobe alisema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Nilikuwa nje na gari. Nikauliza, mwenzetu yuko wapi? Ukasema, mlinzi kamuua, kanyaga."

Bastola ilitoka kiunoni. Mdomo wake ulitua kwenye shingo ya Kobe.

"Geuza gari. Turudi kwa fundi."

Kobe aligeuza. Lakini dereva ambaye hajawahi kukamatwa aliingia barabara ya sokoni, wakati wa chakula, kwenye foleni ambayo hata kipofu angeikwepa. Akapitisha mikokoteni. Akapitisha watoto wa shule. Akasimama kwa heshima kumpisha bibi mwenye kapu la nyanya.

"Kanyaga!"

"Niwakanyage watu?"

Sindano alikaa mikono mapajani. Kila gari lililopita mbele alilishukuru kimoyomoyo. Alifikiria vile vijiraba vya kijani, kimoja kimoja.

Saa nane

Mlango wa chuma wa karakana ulikuwa umefungwa. Mjomba aliruka kabla gari halijasimama, akapiga kufuli risasi mbili. Watu wakatawanyika. Alipoinua mguu ili ausukume mlango, polisi wawili waliibuka nyuma ya gari la fundi lililovunjika taa, na wengine wawili uchochoroni, pale pale alipokuwa amejificha yeye. Alitazama huku na huku. Kisha akaiweka bastola chini, polepole, kama mtu anayeweka glasi mezani.

Sindano alishuka. Kobe alikuwa bado ameshika usukani. "Ingia, twende," alinong'ona. "Nina mafuta ya kutufikisha mbali."

"Nenda wewe."

"Watakufunga, dada."

"Najua. Nenda."

Alimwangalia kidogo, macho mekundu, kisha akaondoka. Safari hii hakuna aliyeona zaidi ya taa zake za nyuma.

Sindano alivuka barabara, mikono juu. Fundi alikuwa amefungua mlango wa pembeni, jasho linamtiririka. Aliisukuma miwani juu ya pua, akamtambua.

"Bado inasoma," alimwambia haraka, kabla askari hajamshika. "Imevuka pale palipochunika."

Askari mmoja, mtu mzima, alimruhusu apige simu kabla ya kupanda gari. Simu iliita mara moja tu.

"Mko wapi?" Mama alisema. "Nimempikia mjomba wako, chakula kinapoa."

"Mama. Mjomba amekamatwa."

"Mungu wangu! Nani kamchongea?"

Sindano aliegemea ubavu wa gari. Nyuma ya dirisha lenye nondo Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa nyuma alifanana na mama sana.

"Mimi," alisema. "Yeye ndiye aliyemuua kaka. Nimeona picha, na mwenyewe amekiri."

Hakukuwa na kilio. Kulikuwa na mlio wa kijiko kikiwekwa chini, kiti kikiburutwa. Muda ukapita mpaka askari akaangalia saa yake.

"Mama? Upo?"

"Nipo." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mzee sana. "Alikuwa na maumivu?"

"Alikuwa anacheka, Mama."

"Basi niambie alivyokuwa," Mama alisema. "Kabla hawajakuchukua. Niambie yote."