Koleo Ndani ya Kikapu

"Nyuki, toka humo. Operesheni imefutwa."

Sauti ya Mkubwa, bosi wake, ilikwaruza kwenye kipokezi kilichofichwa sikioni. Nyuki akajifanya anajikuna shingo, akabonyeza kitufe chini ya ukosi.

"Sitoki."

"Huna ushahidi!"

"Nitaupata humuhumu."

Akakizima. Liwalo na liwe.

Alikuwa ameketi nyuma kabisa katika darasa la Kijerumani, ghorofani, juu ya duka la miwani. Bastola yake ya Glock ilimbana kiunoni. Mmoja wa wanafunzi waliokuwa mbele yake alikuwa Fundi Lakiri, anayefunga makontena ya dawa bandia kwa lakiri za kughushi, yaani sili za forodha, ili yapite bila kufunguliwa. Sura yake haikujulikana. Mtoa habari alisema tu kwamba anajifunza Kijerumani ili akatokomee Ulaya, na kwamba mzigo wake wa mwisho unatoka leo.

Shangazi aliyemlea Nyuki alikufa kwa sindano ya dawa hizo. Kichupa kilikuwa na maji matupu. Nyuki alikuwa na hasira, na hakutaka ipoe.

Mwalimu, mama mnene mcheshi, alitumbukiza mkono kikapuni. Leo walijifunza kueleza kila kitu ni cha kazi gani.

"Wozu ist das? Hiki ni cha nini?" Akainua mkasi.

"Zum Schneiden! Wa kukatia!"

Akainua ufunguo.

"Zum Öffnen! Wa kufungulia!"

Kisha akatoa koleo zito lenye meno bapa. Nyuki ndiye aliyelitia humo kwa siri kabla ya somo. Lilikamatwa kwenye ghala ambalo Fundi Lakiri alilikimbia.

"Na hili dude? Wozu?"

"La kung'olea meno!" akasema mwanafunzi mmoja, kinyozi. Darasa likacheka.

"La kuminyia ndimu!" akadakia mwingine, muuguzi.

Mmoja hakucheka. Bwana Harusi, ambaye wenzake walimbatiza hivyo kwa sababu ya suti zake, alikunja uso kama mtu aliyetukaniwa mama. Fundi hapendi chombo cha kazi kifanyiwe mzaha.

"Hamjui kitu nyie! Lete hapa."

Akalipima mkononi, akaligeuza, akalibana mara moja kwa ustadi.

"Zum Verplomben. La kufungia lakiri. Na hupakwa mafuta, haliachwi likashika kutu hivi!"

"Sehr gut! Vizuri sana!" Mwalimu akapiga makofi. "Umejifunzia wapi?"

Bwana Harusi akaona mkwaruzo kwenye mpini. Koleo lilikuwa lake mwenyewe.

Mdomo uliponza kichwa.

Mkono wake ukaruka ndani ya koti.

Nyuki akamwahi. Meza ikampiga jamaa tumboni, bastola yake ya Beretta ikaanguka, goti likamkalia mgongoni. Nyuki akakibandika kidole gumba cha jamaa kwenye simu ya jamaa huyohuyo, Samsung. Ikafunguka. Ujumbe wa dereva: *Lori jekundu, geti la pili, naondoka.*

Akawasha kipokezi. "Mkubwa! Lori jekundu, geti la pili. Lizuie!"

Akazidi kumkandamiza jamaa kwa goti.

"Unajua mimi ni nani?" Bwana Harusi akafoka sakafuni. "Utapoteza kazi!"

"Kazi zipo nyingi. Shangazi nilikuwa naye mmoja."

Kipokezi kikakwaruza. "Tumelidaka. Limejaa vichupa."

Pingu zikalia. Askari wakapanda ngazi mbio, Nyuki akawakabidhi mtu wao.

"Umekaidi amri," Mkubwa akasema. "Njoo ofisini ujieleze. Sasa hivi!"

"Kesho. Leo naenda kaburini kwa shangazi."

Akachomoa kipokezi, akakitia mfukoni, akateremka ngazi taratibu.